Kuvuka Kipara

Safari yangu ya Rungwe niliianza juu ya magunia ya vitunguu. Lori lilitoka Singida likashika njia ya Itigi, likaingia pori la Rungwa, na humo porini likaharibika mara nyingi mno, hata mwenye mzigo akaacha kumtukana dereva akaanza kuvibembeleza vitunguu vyake visioze. Tulilala chini ya lori, tukala vitunguu vilivyochomwa kwa chumvi, tukasukuma, tukapanda tena. Chunya tuliingia tukiwa wekundu kama matofali.

Sikuwa na sababu nzito ya kusafiri. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kiwanda cha kukamua alizeti nilikokuwa nikipakia magunia kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo, na ile ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mtu alikuwa anakwenda mahali kununua kitu akakiuze mahali pengine. Mimi sikuwa na cha kuuza, nilikwenda tu. Tangu wakati huo nimeishi Tunduma, Songea, Mtwara, na leo niko pwani kwenye joto, nimevuka arobaini. Mvua kubwa ikinyesha huku, watu wanalala vizuri. Mimi nakaa kitandani nasikiliza.

Mbeya nilishuka kwenye vitunguu nikapanda lori jingine lililokuwa likienda Tukuyu kufuata mbao. Tulipoivuka Uyole na kuanza kuteremka upande wa pili nilidhani nimekosea nchi. Kwetu kijani ni cha wiki chache, halafu kinaungua. Hapa migomba ilisimama hadi milangoni mwa nyumba, na ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara mchana. Mvua ilitunyeshea tangu juu hadi chini. Pembeni yangu kwenye bodi alikaa kijana wa rika langu, amejifunika gunia la plastiki, anakula ndizi ya kuchoma. Nikamwuliza mvua hii itakatika saa ngapi.

"Unatoka wapi wewe?"

"Singida."

"Aa. Kwenu mvua inakuja kama mkuu wa mkoa, kwa taarifa. Hapa mvua ndiyo mwenyeji. Sisi ndio tumepanga."

Alinigawia nusu ya ndizi. Alikuwa mpasuaji wa mbao, na mwenzake wa msumeno alikuwa amemkimbia kwenda Dar es Salaam kuuza mitumba.

"Unajua msumeno?" aliniuliza.

"Sijui."

"Una mikono?"

"Ninayo."

"Basi nusu unajua."

Tulishuka Kyimo tukapanda kwa miguu, tukipita mashamba ya ndizi, kisha viazi, hadi nyumba za mwisho zilizopakana na msitu wa mlima. Hapo ndipo kwao. Alikuwa anaishi na mke wake, aliyemwoa muda si mrefu, binti wa upande wa Mpuguso. Hatua chache juu yao, katika nyumba yake mwenyewe, aliishi baba yake, mgane. Nilipewa chumba kwa mzee.

Jioni ile niliona jambo lililonishangaza. Mzee alipokuwa anakaribia kona ya uani alikohoa kwa nguvu, kikohozi kikavu kisicho na ugonjwa. Mke wa rafiki yangu, aliyekuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani, aliacha njia akaingia kwenye migomba, akachuchumaa, akafunika uso kwa kanga hadi mzee alipopita. Ndoo ilibaki kichwani, haikumwagika tone.

"Wamegombana?" nilimnong'oneza rafiki yangu.

"Wanaheshimiana."

Ndivyo walivyokuwa wazee wa Kinyakyusa. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hali naye, hapiti mbele yake, hamsemeshi. Akiisikia sauti yake karibu, anajificha, na asipopata pa kujificha anachuchumaa palepale na kufunika uso. Wengi kule chini mjini, watu wa mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu na wa karibu na barabara, walikuwa wameanza kuyaacha hayo. Mzee alikuwa mzee wa kanisa, lakini hili hakuliacha, na yule binti alilelewa na bibi yake hivyohivyo. Alinieleza siku moja huku anamenya magimbi: "Shemeji, hata siwazi. Nikimsikia tu, magoti yanakunjika yenyewe." Kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni, niliyelala kwa mzee na kula kwa mkwe wake, nikawa mdomo wao. Mwambie baba kuni zimekwisha. Mwambie mkwe maziwa yameganda leo. Nilizoea haraka, hata nikawa natoa ujumbe kabla haujakwisha kusemwa.

Kazi yetu ilikuwa ndani ya msitu. Tulilaza gogo juu ya shimo, rafiki yangu akasimama juu ya gogo, mimi nikaingia chini, tukavuta msumeno mrefu, yeye anaona mstari na mimi nakula unga wa mbao. "Wa juu anasoma, wa chini anakula," alikuwa akisema, "na wewe ndiye uliyesoma!" Mbao zikishapasuliwa, wachukuzi walizibeba begani mmojammoja hadi barabarani, ambako malori ya watu binafsi yalikuja sasa kila wiki. Zamani, walisema, alikuja mnunuzi mmoja wa serikali na hakuwa na haraka. Sasa wote walikuwa na haraka.

Na kati ya msitu na mashamba kulikuwa na Kipara.

Kipara kilikuwa ubavu wa mlima usio na miti. Miti yake ilikatwa miaka michache kabla sijafika, ruksa ilipopanda hadi msituni. Wakapanda viazi, vikastawi, kisha udongo ukaanza kuteremka wakaviacha. Njia ya mbao ilikipita katikati, upana wa nyayo mbili, juu yako mlima, chini yako bonde lenye mto unaonguruma. Njia ya kuzunguka ilipita kwenye mto huohuo, na wakati wa masika mto haukuvukwa.

Chini ya udongo mweusi wa Rungwe kuna tabaka la changarawe za njano, nyepesi kama maganda ya mayai. Ukizitupa kwenye ndoo ya maji zinaelea. Mlima ulizitema zamani ulipokuwa bado unawaka. Udongo umelala juu yake kama godoro lililotandikwa juu ya njegere. Wakati wa kiangazi hakuna neno. Mvua ikishika mfululizo, udongo unakunywa na kuwa mzito, maji yanafika kwenye changarawe na kutafuta pa kutokea, na hapo godoro zima linakuwa tayari kuondoka. Wachukuzi walisema, mlima umeshiba.

Walinifundisha kabla hawajaniruhusu kuvuka. Pembeni mwa Kipara, upande wa msitu, palikuwa na kijichemchemi. Kikitoa maji safi, pita. Kikitoa maji ya matope, kaa. Kikikauka huku mvua inanyesha, rudi ulikotoka na usigeuke, kwa sababu maji yamezibwa ndani na yanajikusanya. Tazama juu, kama udongo umepasuka kama midomo ya mtu mwenye homa. Chomeka fimbo: ukisikia imepita udongo ikaingia ghafla kwenye kitu kinachosagika kama bisi, na ikatoka imelowa, ni mbaya. Vuka mmojammoja. Usiongee. Ubao usiufunge mwilini hata kwa uzi, ili udongo ukianza kwenda uutupe ubao na ukimbie. Na mtu mmoja lazima asimame kwenye jiwe kubwa la upande wa pili, macho juu, asitazame kitu kingine, hadi wa mwisho apite. Huyo aliitwa mtazamaji, na mtazamaji wetu alikuwa mzee.

Hakuwa mpole. Alikuwa mchukuzi tangu ujana, bega lake la kulia lilikuwa limeharibika kwa mbao hata mkono haukunyanyuka, na kilichobaki ni ulimi. Mimi aliniita kwa kabila langu. "Gwe Mnyaturu, unatembea kama unakanyaga mayai ya mama yako! Nyanyua!" Mara nyingine alizuia watu siku nzima na Kipara kikakaa kimya, wachukuzi wakamcheka kwamba anauonea mlima. Siku inayofuata alizuia tena.

Masika ile ilikuja bila kupumzika. Nguo hazikukauka, unga uliota ukungu kwenye debe, na wachukuzi waliacha kupanda. Mimi na rafiki yangu tulibaki kambini msituni kumalizia gogo moja, kwa kuwa mwenye lori alikuwa ametuma neno. Gogo lilikuwa linateleza kwa mvua. Nilikuwa shimoni nikaona mwanga unabadilika juu yangu, nikasikia ukelele. Gogo lilikuwa limejiviringisha, limemwangusha na kumlalia mguu. Nililinyanyua kwa mti huku nalia. Mfupa wa muundi ulikuwa nje.

Nilimfunika turubai, nikamwachia maji na magimbi ya kuchemsha, nikavuka Kipara peke yangu bila mtazamaji. Sikumbuki nilivyovuka. Kijijini wachukuzi walikusanyika uani kwa mzee, wanaume waliokula na rafiki yangu tangu utotoni, wakaangalia chini.

"Mlima umeshiba," alisema mmoja wao mwishowe. "Tunampenda. Tutasubiri hapa migombani, tumbebe hadi barabarani, na gari likikosekana tumbebe hadi hospitali Tukuyu. Lakini Kipara leo, hapana."

Hakuna aliyewalaumu. Walikuwa na watoto.

Tulipanda watatu: mzee mbele, mimi katikati, mkwe nyuma kabisa, kila mmoja akivuka peke yake. Tulipofika kambini mvua ilifunga tena na hatukuweza kurudi. Asubuhi mguu ulikuwa mweusi kuelekea gotini na ulikuwa unanuka. Yeye alikuwa anatetemeka na bado anatania. Ilikuwa wazi kwetu wote kwamba asipofika hospitali siku ile, hatafika.

Mzee alikwenda kwenye chemchemi na kurudi, akaenda tena. Maji ya matope. Mchana mvua ilipungua, na maji yakaanza kusafika kidogo, kidogo sana. Akasema tuondoke. Tulikuwa tumetengeneza machela ya miti miwili na turubai. Mbele nishike mimi. Mzee kwa bega lile hakuweza kushika nyuma.

"Mwambie mkwe atashika nyuma," aliniambia.

Mkwe alikuwa ameketi upande wa pili wa turubai, mgongo kwetu, karibu kiasi cha kumgusa. Nikamwambia.

"Mwambie baba nimesikia. Lakini akisimama jiweni atanitazama usoni."

"Mwambie nitautazama mlima."

"Mwambie baba, mlima na mimi tutakuwa upande mmoja."

Rafiki yangu alicheka akiwa amelala chini, meno yanagongana. "Jamani, mimi naoza hapa, na ninyi mnapelekeana salamu. Mke wangu, fumba macho."

"Nikifumba nitakanyaga wapi?"

Mvua ilidondoka kutoka kwenye majani. Kisha mzee akasema, taratibu, "Mwambie nitageuza mgongo. Nitatazama Kyimo. Mlima nitausikia kwa masikio, nimeusikia maisha yangu yote."

"Baba, mtazamaji hageuki," nilisema.

"Gwe Mnyaturu, kwenu kuna mlima gani?"

Mkwe alitaka kumfunga mumewe kwenye machela kwa kitenge chake asije akaviringika. Yeye akakataa. "Mzigo haufungwi Kipara. Leo mimi ni mbao." Basi mkwe akamfunika nacho tu.

Mzee alitangulia. Tulimwona anachomeka fimbo, anasikiliza, anasogea, hadi akafika jiweni. Alisimama pale muda, akatazama juu mara ya mwisho, kisha akageuka, na koti lake jeusi likawa mbele yetu kama mlango uliofungwa. Tukainua machela.

Rafiki yangu alikuwa mzito kuliko gogo lolote. Nilitembea nikihesabu pumzi za mkwe nyuma yangu. Njia ilikuwa laini, kila unyayo ulizama na kutoa maji. Tulipita nusu. Nilianza kuona nyuzi za koti la mzee, nikaanza kuamini.

Ndipo changarawe moja ya njano ikashuka kutoka juu, ikarukaruka kama njegere, ikapita mbele ya kidole changu. Kisha nyingine. Kisha nyingi, bila sauti yoyote. Ni nyepesi mno kusikika. Masikio ya mzee yasingeweza kuzisikia hata kama yangekuwa ya paka.

"Baba!" nikaita. "Zinashuka!"

Mzee aligeuka. Nilikiona kile alichokiona, nikakiona usoni mwake: juu yetu mlima ulikuwa umefungua midomo. Sijui kama alifikiri. Baba gani angefikiri? Alinyoosha mkono wake mzima na kupiga kelele kwa Kinyakyusa, na hakuniita mimi. Kwa mara ya kwanza tangu binti yule aletwe nyumbani kwake, alimwita yeye, akimtazama usoni. Mwanangu, kimbia!

Mkono wa nyuma wa machela ulianguka.

Niligeuza shingo. Alikuwa amechuchumaa njiani, viganja viwili vimefunika uso. Ni kitambo kidogo tu, kama mtu anavyopepesa jicho vumbi linapoingia. Akashtuka, akaondoa viganja, akajitupa mbele kushika miti ya machela. Rafiki yangu alikuwa ametelezea kwake, kichwa kimemgusa magoti. Alimtazama mkewe kutoka chini. Nadhani alitaka kumwambia kitu cha kumchekesha.

Kisha Kipara kikaondoka. Kilitoa mlio kama tipa linapomwaga mchanga, lakini hakikukoma. Mti wa machela ulinichomoka mikononi, nikatupwa upande wa jiwe, na mzee akanidaka ukosi kwa mkono wake mbovu, ule usionyanyuka. Vumbi halikuwepo, ni maji na udongo tu. Kulipotulia, mkwe alikuwa amezama hadi kiunoni ukingoni mwa mkato, mikono imenyooka mbele, imeshika kitenge.

Wachukuzi walisikia wakaja mbio na majembe, na safari hii hakuna aliyeuliza kuhusu mlima. Tulichimba hadi giza. Rafiki yangu tulimpata asubuhi, chini kabisa, kwenye magimbi ya mtu kando ya mto.

Msiba ulijaa watu. Waliimba, wakachinja, wengine wametoka chini, hata Tukuyu na Mpuguso. Mkwe alikaa ndani na wanawake, mzee alikaa nje na wanaume, na mimi nikawa katikati, mlangoni. Kwa sababu sasa walikuwa na jambo la kuambiana, na hawakuwa na njia nyingine ila mimi.

"Mwambie si yeye," mzee aliniambia, hatazami popote. "Mtazamaji alikuwa mimi. Ningekuwa nimetazama, ningeona mapema."

Nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika kile kitenge.

"Mwambie baba mikono iliyoachia ni yangu."

Nikarudi. Mzee akatikisa kichwa. "Hukumwambia vizuri. Mwambie kama ningeita jina lako tu, Mnyaturu, kama ningenyamaza kwake, asingechuchumaa."

Nikaenda. "Anasema hivyo kunifariji," alisema. "Wewe ndiye unayelainisha, shemeji. Nijuavyo baba, ametukana. Niambie alivyosema kweli."

Niliwaapia wote wawili. Hawakuniamini. Kila mmoja alidhani njiani nimepunguza makali ya mwenzake, na kila mmoja akazidi kujibebesha. Nilimwomba mchungaji awakalishe pamoja. Alikuja, akasema mila ile imepitwa na wakati, akaomba, akanywa chai, akaondoka. Mzee aliendelea kukohoa konani na mkwe aliendelea kukimbilia migombani, ila sasa alipochuchumaa alikaa huko muda mrefu, na mara nyingine nilisikia analia kwa sauti ya chini, na nilijua mzee naye anasikia, kwa kuwa alikuwa amesimama palepale, kakohoa na hajapita.

Mvua iliisha. Wachukuzi walikata njia mpya chini ya mkato, malori yakarudi. Watu walianza kuniuliza wakikutana nami: leo umetumwa nini? Walikuwa hawanitanii. Nilikonda. Nilikuwa naamka nikiwa na maneno ya watu wengine mdomoni, na yangu mwenyewe, kwamba rafiki yangu amekufa, sikuwa na wa kumwambia. Nikamwambia mzee naondoka. Akasema, "Nani atamwambia?" Niliposema vivyo hivyo kwa mkwe, aliuliza neno lilelile.

Siku nilipoondoka kulikuwa na jua. Nilikaa juu ya mbao kwenye lori, pale njia ya kijiji inapoingia barabarani, nikisubiri wapakiaji wafunge kamba. Niliwaona wote wawili kwa pamoja. Mzee alikuwa anateremka kuja kuniaga. Mkwe alikuwa anapanda kutoka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani. Kona iliwaficha wasionane. Nikasubiri kikohozi.

Mzee hakukohoa. Alipomwona alisimama, kisha yeye, mwanamume, mwenye njia, akaacha njia. Alishuka kwenye mtaro ulioota magugu, akachuchumaa kwa shida kwa ajili ya magoti yake, akavua koti na kujifunika kichwa. Mkwe alikuwa tayari amekwisha kugeukia migomba. Akasita. Alisimama na mkungu wake, anatazama lile koti jeusi mtaroni, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama baba mkwe wake kwa muda apendao. Kisha akapita njiani katikati, polepole, bila kukimbia, hadi akampita.

Mzee hakuja kuniaga. Lori lilipokata kona alikuwa bado mtaroni, koti kichwani, na juu kwenye njia mkwe alikuwa amesimama ameshika mkungu kwa mikono miwili.

"Mnyaturu," mpakiaji mmoja aliyekaa nami juu ya mbao akaniita, "utarudi lini?"

Nikamwambia anisogezee turubai, maana wingu lilikuwa linakuja.